Kiganja cha Fundi Hakipimi Unyevu

Fundi alibandika kiganja ukutani, akakiacha hapo kidogo, kisha akakikagua.

"Umekauka huu," akasema. "Kesho napiga skimu, keshokutwa rangi."

Shemeji akanigeukia. Kaka yangu alikuwa kazini, na tangu mafuriko yaingie nyumbani kwao nilijikuta nimekuwa mshauri bila kuteuliwa na mtu. "Unasemaje, shem?"

Kwa kuutazama, ukuta ulikuwa mkavu kweli. Mstari wa matope ulioachwa na maji ulikuwa umeshasuguliwa, na plasta chini yake ilikuwa imerudia kijivu chake cha zamani. Sakafu ilipigwa deki mara zisizo na hesabu. Tatizo lilikuwa pua. Chumba kilinuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni.

Nikasema tusubiri kwanza. Sikuwa na hoja nyingine zaidi ya harufu hiyo, na fundi alilijua hilo. Akacheka kwa adabu, akafunika ndoo yake, akasema tumpigie simu tukiwa tayari.

Wiki zimepita, swali halijaniacha.

Kiganja kinapima nini hasa?

## Baridi na unyevu ni vitu viwili

Kinapima baridi. Maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto la ukuta, ndiyo maana ukuta uliolowa huwa na ubaridi. Penye hewa kavu kipimo hicho si kibaya. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 40, kitambaa kilicholowa hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na tofauti ya nyuzi 10 mtu yeyote ataihisi. Lakini hewa hiyohiyo ya nyuzi 30 ikibeba unyevu wa asilimia 85, kitambaa kilekile hakishuki chini ya nyuzi 27 au 28. Mvuke hautoki kwa kasi, kwa hiyo ukuta haupoi. Kiganja kinagusa ukuta ulioshiba maji na kurudi na habari kwamba mambo ni shwari.

Yaani pale ambapo kukausha nyumba ni kugumu zaidi ndipo kiganja kinapodanganya zaidi.

Tena kinagusa uso tu. Plasta hukauka kuanzia nje, na milimita chache za juu zikishakauka, rangi ya ukuta hubadilika na mtu huamini kazi imekwisha. Nyuma ya hapo kuna tofali, na nyuma ya tofali kuna tofali.

Simlaumu fundi. Amepaka nyumba nyingi kuliko nilizowahi kuingia. Ila nilitaka kujua kuna maji kiasi gani humo ndani, hata kwa kukadiria, kwa sababu bila namba ubishi wote unabaki kati ya pua yangu na kiganja chake.

## Maji mangapi?

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3. Mzunguko wa kuta zake ni mita 14. Maji yakipanda hadi usawa wa mita moja na ukuta ukiwa na unene wa sentimita 15, una mita za ujazo 2.1 za tofali na plasta zilizolowa. Tofali la udongo la kuchoma linaweza kunywa maji yanayozidi asilimia 20 ya ujazo wake. Tuuhurumie ukuta wetu, tuseme umekunywa asilimia 10 tu.

Hizo ni lita 210.

Ndoo kubwa kumi na zaidi, zimejificha ndani ya kuta za chumba kimoja, baada ya sakafu kupigwa deki na watu kupongezana. Na kila lita moja ya maji hayo inahitaji megajuli 2.4 hivi za nishati ili iwe mvuke. Kwa lita 210 ni karibu uniti 140 za umeme. Hakuna anayelipa zote kupitia mita. Jua na hewa vuguvugu ndivyo vinavyolipa sehemu kubwa, kwa mafungu madogo madogo.

Kama ukuta ni wa bloku zenye matundu, hesabu inaharibika zaidi, kwa sababu maji mengine hayajanywewa na bloku. Yamesimama ndani ya matundu yenyewe, yakingoja. Hayo hayatoki kwa upepo. Yanatolewa kwa kutoboa vishimo vidogo kwenye mstari wa chini kabisa wa bloku na kuyaacha yamwagike. Nilimwona mwashi mmoja akifanya hivyo kwenye ukuta ambao kila mtu aliuona mkavu, na maji yakatoka ya rangi ya chai.

Baada ya hapo nikaacha kuamini macho pia.

## "Fungueni madirisha"

Ushauri wa kwanza anaopewa kila aliyefikwa na mafuriko ni huo, na ni ushauri mzuri. Nusu yake.

Hewa ina kiwango chake cha kubeba maji. Ikiwa na nyuzi 20 hushiba kwa gramu 17 hivi katika kila mita ya ujazo. Ikiwa na nyuzi 30 hufika gramu 30. Sasa tuseme ukuta wetu uliolowa una nyuzi 28. Hewa inayougusa itashiba kwa gramu 27. Nje kuna hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80. Hiyo tayari ina gramu 24 inapoingia dirishani. Imebakiza nafasi ya gramu 3 tu.

Chumba chetu, kikiwa na kimo cha mita 2.8, kina hewa ya mita za ujazo 34 hivi. Ibadilishe yote mara moja: umetoa gramu 100 za maji. Nusu glasi. Ili zitoke lita 210, hewa yote ya chumba ibadilike zaidi ya mara 2,000, na kila mara iondoke ikiwa imeshiba kabisa, jambo ambalo halitokei.

Nilipofika kwenye hesabu hiyo niliweka kalamu chini. Nilielewa kwa nini watu hukata tamaa na kupaka rangi.

Lakini ukiitazama tena, hesabu hiyo inaonyesha pia mahali pa kushika. Katika maeneo ya joto na unyevu, kiasi halisi cha maji kilichomo hewani hakibadiliki sana kati ya alfajiri na alasiri. Kinachopanda na kushuka ni joto, na joto ndilo linalofanya asilimia zionekane zinaruka. Kwa hiyo saa nzuri ya ukuta ni ile ambayo ukuta wenyewe umepata joto. Ukuta wa nyuzi 29 unaisukuma hewa inayougusa hadi karibu gramu 29. Ukiwa na nyuzi 26 unaishia gramu 24. Hewa ya nje ikiwa na gramu 22, faida ya ukuta wa mchana ni zaidi ya mara mbili ya ule wa usiku. Jua likiupiga ukuta kwa nje, dirisha likiwa wazi ndani, kuna kazi inayofanyika hata kama hakuna anayeiona.

Alfajiri mambo hugeuka. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 95 ikiingia na kukuta sakafu ya marumaru iliyopoa hadi nyuzi 23, haiwezi kubeba mzigo wake. Inautua pale pale. Sakafu inatoka jasho, na aliyelala madirisha wazi ili nyumba ikauke anaamka kuikuta imelowa zaidi.

Basi nini? Siku za kwanza fungua kila kitu, usiku na mchana, maana ndani kumelowa kuliko nje kwa vyovyote. Maji ya wazi yakishatoka, anza kuchagua: madirisha yawe wazi jua likishapanda hadi alasiri, yafungwe mvua ikinyesha na usiku ukiwa mzito. Ukipata vipimajoto viwili, kimoja ukakifunga kitambaa chenye maji kwenye ncha yake ya kupimia, tayari una kipimo cha unyevu wa hewa. Kadiri vinavyotofautiana ndivyo hewa ilivyo na nafasi ya kubeba. Vikisoma karibu sawa, funga dirisha ukalale.

Wenye kiyoyozi au mashine ya kuondoa unyevu wana njia nyingine kabisa, nayo inataka madirisha yafungwe kutwa. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi nje ni maji yaliyokuwa hewani chumbani. Yakusanye kwenye ndoo utajua umetoa kiasi gani, jambo ambalo dirisha haliwezi kukuambia. Ila mashine hiyo ukiiwasha madirisha yakiwa wazi unajitolea kukausha mtaa mzima.

## Feni ilipoacha kusaidia

Shemeji aliazima feni kubwa, ile ya kusimama, akailekeza ukutani kutwa nzima. Siku za mwanzo mabadiliko yalionekana kwa macho: weusi wa plasta ulirudi nyuma, kidogo kidogo. Kisha ukasimama. Feni ileile, ukuta uleule, na hakuna kilichoendelea. Alidhani feni imechoka.

Hili ndilo lililonifungua macho kuliko mengine yote.

Ukuta hukauka kwa hatua mbili. Katika ya kwanza, uso bado una maji. Vijitundu vya plasta vinayavuta kutoka ndani kadiri yanavyoondoka nje. Hapo upepo ndio mfalme. Unapangusa hewa iliyoshiba na kuleta nyingine. Kisha inafika siku ambapo uso haupati tena maji ya kutosha kutoka ndani, na mpaka kati ya ukavu na unyevu unarudi ndani ya tofali. Kuanzia hapo maji hayatembei tena kama maji. Yanageuka mvuke huko ndani, na mvuke unapenya polepole hadi nje. Upepo wa feni hauingii humo. Kinachosaidia sasa ni joto kidogo, hewa ya chumba isiyoshiba, na muda.

Muda mwingi. Kanuni ya zamani ya wajenzi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na hiyo si kwa ukuta uliozungukwa na hewa ya asilimia 80.

Na feni, hata katika siku zake njema, haitoi tone nje ya nyumba. Inahamisha mvuke kutoka ukutani kuuleta chumbani. Kama hakuna dirisha la kuutoa au mashine ya kuukamata, mvuke huo utatua kwenye dari, ndani ya kabati, nyuma ya picha, kwenye viatu.

## Haraka mwanzo, subira mwisho

Sasa lipo jambo lililonitatiza. Kama ukuta unahitaji miezi, mbona kila mwongozo wa afya unasema nyumba ikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48?

Nilidhani mmoja wao anakosea. Hakuna anayekosea. Wanazungumzia ukavu wa vitu viwili tofauti.

Ukungu huishi juu ya uso. Unahitaji chakula, na chakula chake ni karatasi, mbao, vumbi, gundi, utando wa matope. Halafu unyevu, na hewa inayogusa uso ikizidi asilimia 80 unatosha. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, mafuriko yawepo yasiwepo. Kwa hiyo saa zile 48 ni za uso: matope yatoke, ukuta uoshwe, vitu vilivyokunywa maji vitolewe, hewa itembee. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, sehemu kubwa ya jiji la New Orleans, Marekani, ilikaa majini kwa wiki, na wenyeji wengi hawakuweza kurudi kufungua hata mlango. Wachunguzi wa afya walipokagua nyumba za eneo hilo Oktoba mwaka huo, karibu nusu zilikuwa na ukungu unaoonekana kwa macho. Maji yalifanya uharibifu wake, kisha milango iliyofungwa ikafanya wa kwake.

Kiini cha ukuta ni hadithi nyingine. Hicho hakitishwi na saa 48 wala hakiharakishwi nazo.

Nikitazama nyumba za watu ninaowajua, wengi hugeuza mpangilio. Mwanzoni wanakwenda polepole: godoro linaachwa sebuleni hadi msaada ufike, kabati linaachwa kwa sababu ni la urithi, zulia linakunjwa likiwa na maji na kusimamishwa pembeni. Halafu mwishoni wanakimbia. Mpangaji anarudi, watoto wanafungua shule, mgeni anakuja, rangi ipakwe. Haraka imekaa mahali pa subira, na subira mahali pa haraka.

Naielewa sababu. Kutupa kunauma, na rangi inafariji.

## Vya kutupa

Hapa sitarefusha, kwa sababu ugumu wake uko moyoni zaidi ya kichwani. Ubao wa vumbi la mbao ulioshindiliwa ukivimba haurudi. Godoro lililokunywa maji ya mafuriko ni la kutupa, hata likianikwa juani hadi liwe jepesi, kwa sababu maji yale yalipitia vyoo na mashimo ya taka kabla ya kufika kitandani. Bodi za jasi (gypsum) zilizolowa hukatwa, na hukatwa juu ya mstari wa maji, angalau sentimita 30, kwa kuwa jasi na karatasi yake hunyonya kwenda juu kama utambi. Usikate pale jicho linapoishia.

Mbao nzima za kweli, zile za milango na fremu, zivumilie. Mlango uliovimba usiurande sasa hivi. Ukiuranda leo ili ufunge, ukikauka utakuachia mwanya wa kupitisha mjusi. Na usiukaushe kwa moto. Mbao ikikauka upande mmoja kwa kasi inapinda au inapasuka.

Moto wenyewe, kwa kweli, ubaki nje kabisa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyonuka, na watu wamekufa hivyo wakijaribu kupasha nyumba. Jenereta hivyohivyo, iwe mita sita au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Jiko la mafuta ya taa lina kituko cha ziada: kila lita ya mafuta inayoungua inatoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Unakausha na kulowesha kwa wakati mmoja, tena kwa gharama.

Soketi na swichi zilizofikiwa na maji azifungue fundi umeme kabla ya feni yoyote kuchomekwa. Na dawa ya klorini isichanganywe kamwe na sabuni au dawa yenye amonia. Juu ya kigae klorini inaua ukungu. Juu ya plasta na mbao inaondoa zaidi rangi ya ukungu, mizizi ikabaki. Kusugua na kuondoa ndiko kunakofanya kazi.

## Mkavu kuliko nini?

Nilirudi kwa shemeji na karatasi mbili za nailoni na gundi ya mkanda. Wapiga sakafu wana kipimo cha zamani: bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 juu ya zege, ziba kingo zote, subiri saa 16, kisha tazama chini yake. Kimetengenezwa kwa ajili ya sakafu, lakini hakuna kinachokizuia kupanda ukutani. Moja niliibandika chini, chini ya mstari wa maji. Nyingine juu, karibu na dari, ambako mafuriko hayakufika.

Ile ya juu ndiyo muhimu, nami nilichelewa kuona kwa nini. Neno "mkavu" halina maana peke yake. Mbao iliyokaa muda mrefu kwenye hewa ya asilimia 85 hutulia ikiwa na maji ya asilimia 17 au 18 ya uzito wake mkavu, hata kama haijawahi kuona mafuriko. Kuidai ishuke hadi asilimia 12 kwa sababu kitabu cha nchi kavu kimesema hivyo ni kuisubiri milele. Waliobobea katika kazi hii hupima kwanza kitu ambacho hakikulowa katika nyumba hiyohiyo, kisha wanafukuzia namba hiyo. Ukuta uliolowa unashindana na ukuta wa jirani yake, haushindani na jangwa.

Asubuhi yake nailoni ya juu ilikuwa safi. Ya chini ilikuwa na matone upande wa ndani, ule unaogusa ukuta. Yangekuwa upande wa chumbani, ningesema ni hewa ya usiku tu. Shemeji alipitisha kidole juu yake, akapiga picha, akamtumia fundi bila maneno.

Fundi akajibu: "Sawa. Tusubiri."

## Rangi ni mlango

Skimu, rangi ya mafuta, vigae vya ukutani, plasta nzito ya saruji: vyote hivyo hufunga njia ya mvuke, baadhi kidogo, baadhi kabisa. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji, maji hayatakasirika na kuondoka. Yatasukuma. Rangi itatoa malengelenge, skimu itamumunyuka, na mwenye nyumba atasema fundi alitumia rangi feki. Au yatatafuta upande mwingine, na chumba cha pili, kilichokuwa salama, kitaanza kuonyesha madoa.

Plasta ya chokaa hupitisha mvuke vizuri zaidi kuliko ya saruji, na kuta nyingi za zamani zilizojengwa kwa chokaa zililowa na kukauka kwa vizazi bila mtu kushtuka. Shida ilianza zilipovalishwa saruji kwa nia ya kuzikinga. Sisemi turudi wote kwenye chokaa. Nasema kama plasta ya chini imeharibika na itabomolewa kwa vyovyote, usikimbilie kuirudisha. Tofali likiwa wazi linakauka haraka kuliko likiwa limevaa. Chumba kitakuwa kibaya machoni kwa miezi kadhaa, na wageni watauliza. Waache waulize.

Tulikubaliana hivyo kwa vyumba vya mbele: juu ya mstari wa maji ikapakwa rangi ya maji, isiyoziba, ili nyumba irudi kuwa nyumba, chini yake plasta ikabomolewa, tofali zikaachwa wazi. Kaka yangu haipendi sura yake. Amehamisha sofa ili isionekane.

## Chumba cha nyuma

Kimebaki kimoja ambacho hakifuati hesabu yoyote.

Ukuta wake ulikauka kama mingine, kisha ukaanza kulowa tena jioni, bila mvua, bila bomba, na kukauka mchana. Juu yake kuna unga mweupe, unaopanguswa leo na kurudi kesho kutwa. Ni chumvi. Maji ya mafuriko huingia ukutani yakiwa yamebeba chumvi za udongo na za majitaka, na yakiondoka kama mvuke yanaziacha. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukizidi asilimia 75. Zile zitokanazo na majitaka na samadi, nyingine huanza mapema zaidi, asilimia 50 na kitu. Mahali ambapo hewa ya jioni haishuki chini ya hapo, ukuta wenye chumvi utalowa kila siku hata usipoona tone la mafuriko tena. Vipimo vya umeme vya kuchoma ukutani navyo vinapotoshwa na chumvi. Vinasoma maji mengi kuliko yaliyopo.

Unga ule unapanguswa kwa brashi kavu, usioshwe, maana ukiosha unaurudisha ndani. Plasta iliyojaa chumvi hubomolewa na kutupwa mbali na msingi. Hilo tumelifanya mara moja, na unga umerudi, hafifu zaidi lakini umerudi.

Ndipo nikatoka nje kutazama upande wa pili wa ukuta huo. Ardhi nyuma ya nyumba imeinamia nyumba. Maji ya paa yanamwagika pale pale, hakuna mfereji wala mtaro, na udongo ukichimbwa kwa koleo bado ni tope. Ukuta wa chumba kile una miguu majini. Kila tunachokitoa juu, unakivuta tena kutoka chini, pamoja na chumvi mpya.

Fundi anapendekeza kuupaka kwa nje dawa ya kuzuia maji. Nina wasiwasi nayo. Itazuia maji yasiingie ubavuni na kuyazuia hayo yanayopanda kutoka chini yasitokee upande huo, na yote yatamalizikia chumbani. Mwashi yule wa vishimo anasema tuchimbe mtaro usawa wa chini ya sakafu, tujaze kokoto, tuelekeze maji ya paa mbali, kisha tusikilize ukuta kwa msimu mzima. Ni kazi zaidi, na pesa zaidi, na haionekani kwa mgeni anayeingia kupitia mlango wa mbele.

Kaka yangu ameomba nafasi ya kufikiri. Shemeji ameshapima mtaro kwa kamba.